Kidole Kisichosikika

Sisi tuliosoma somo la fasihi shuleni tulifundishwa kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Tuliambiwa tuulize mwandishi anasema na nani, anamsahau nani, na kama aliyoyanyamazia hayana uzito kuliko aliyoyasema. Sijapata kumwona mtu akiyaelekeza maswali hayo kwenye zana ya kazi. Jembe halihakikiwi, jembe hununuliwa, likikatika mpini hutiwa mwingine. Hata hivyo ipo zana moja ya zama hizi ambayo kwa maoni yangu inastahili kusomwa kama tusomavyo kitabu, kwa sababu imeandikwa, imejaa maamuzi ya watu, na inashikwa kwa vidole kila siku na wakazi wa Njombe na Makambako ambao hawajapata kulisikia jina lake. Jina hilo ni Flutter.

Flutter ni kiunzi cha kuundia programu za simu. Kilitengenezwa na kampuni ya Google, na toleo lake la kwanza kamili lilitangazwa mjini London, Desemba 2018. Msomaji asiogope neno hili kiunzi. Fundi anayetaka kujenga kibanda cha duka siku hizi hakati mti wala hachani mbao. Anakuta kenchi, milango na fremu za madirisha zimekwisha kuchongwa, kazi yake ni kupanga vyumba. Vivyo hivyo kijana anayeunda programu ya kuuzia viazi haifundishi simu namna ya kukitambua kidole. Kiunzi kimekwisha kuamua kubonyeza ni nini, kuburuta ni nini, kushikilia ni kwa muda gani, na mambo yakiharibika nani aambiwe. Hayo ndiyo maamuzi ninayotaka kuyatazama.

Nianze na Makambako, maana mji huu una historia yake kuhusu vidole na mashine. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilipoanza kuandikisha wapiga kura kwa mfumo mpya wa BVR, yaani kwa kuchukua picha na alama za vidole, nchi nzima ilianzia hapa, Mkoa wa Njombe. Uzinduzi ulifanyika Makambako mwezi Februari, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, ndiye aliyeuzindua. Tatizo lililotajwa sana siku zile lilikuwa vidole. Mkono wa mkulima una sugu. Michirizi ya ngozi imesuguliwa na mpini wa jembe, na udongo umeingia mahali ambapo maji na sabuni havifiki. Mashine iliyoundwa kusoma michirizi ikikuta ngozi iliyolainishwa na kazi hukataa.

Ninalotaka msomaji alikumbuke ni jinsi kukataa kule kulivyokuwa. Palikuwa na meza, palikuwa na karani, palikuwa na foleni ya watu wanaotazama. Mashine ilipokataa, karani aliliona kosa kama mwenye kidole alivyoliona. Aliweza kumwambia mtu akanawe, apanguse mkono, akandamize zaidi, au alete kidole kingine. Ilichosha, na waliosimama juani tangu asubuhi walinung'unika. Lakini kosa lilikuwa na mashahidi, na hakuna aliyerudi nyumbani akidhani ameandikishwa kumbe hakuandikishwa. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifanyika kwa daftari lenye majina zaidi ya milioni 22, na mengine yaliingia humo kwa kujaribu mara ya pili na ya tatu. Mambo yakarudi kwa sura hiyohiyo katika usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019. Kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kwa mtu ambaye akiba yake yote iko ndani ya simu, kidole kisichosomeka hakikuwa jambo dogo.

Sasa kioo cha simu ni mashine nyingine. Chenyewe hakiulizi wewe ni nani. Kinauliza tu upo au haupo, na kama upo, ni mahali gani. Chini yake mna mtandao wa nyaya nyembamba zisizoonekana zenye umeme kidogo. Kidole chenye unyevu kikikaribia, umeme ule hubadilika, na simu hukisia mahali kilipo. Hapa ndipo hali ya Njombe inapoingia. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai baridi yake hukausha ngozi mpaka ikapasuka. Kidole kikavu chenye ngozi nene hutoa ishara hafifu. Kidole chenye matone ya umande wa chai hutoa ishara mbili au tatu kwa pamoja. Mkono wenye glavu, kwa kioo cha kawaida, ni kama haupo. Isitoshe, mkono uliochimba viazi tangu alfajiri haubonyezi kama mkono wa karani. Unatua, unajiviringisha kidogo, halafu unaondoka. Kwa macho huoni kitu. Kwa kioo, kidole kimesafiri.

Na hapa lazima nimsifu mwandishi kabla ya kumlaumu, kwa kuwa sehemu hii ya Flutter imeandikwa kwa akili nyingi. Zamani programu ilihesabu mguso kama nukta: umegusa hapa, basi ni hapa. Flutter inaona kwamba mguso ni hadithi yenye mwanzo, katikati na mwisho, na kwamba mwanzoni mwake hakuna ajuaye itaishaje. Mtu aliyeweka kidole juu ya jina katika orodha huenda anataka kulichagua, huenda anataka kuisogeza orodha, huenda anataka kushikilia. Kwa hiyo kiunzi hufungua uwanja wa mashindano. Wapo watambuzi kadhaa, mmoja wa kubonyeza, mmoja wa kuburuta, mmoja wa kushikilia, na kila mmoja anadai mguso ni wake. Nusu sekunde ikipita kidole kimetulia, wa kushikilia ameshinda. Kidole kikisogea vya kutosha, wa kuburuta ameshinda. Kikiinuka mapema kabla ya yote hayo, wa kubonyeza ndiye mshindi. Walioshindwa huambiwa rasmi kuwa wameshindwa na huondoka. Ni baraza la haki kabisa, na huamua kesi yake kwa muda usiotosha kupepesa jicho.

Lakini "vya kutosha" ni kiasi gani? Ndani ya faili moja la kiunzi hiki, lililo wazi kwa yeyote atakaye kulisoma, ipo namba 18. Kidole kikisogea zaidi ya vipimo 18 vya kiunzi, ambavyo katika simu ya Android ni kama milimita tatu, huko si kubonyeza tena. Kando ya namba hiyo waandishi wameacha maelezo mafupi: kwamba imepatikana kwa majaribio, kwamba walianza na 8, na kwamba waliipandisha hadi 18 baada ya kulalamikiwa kuwa ni vigumu kulenga. Katika maandishi yote ya kiufundi niliyopata kuyasoma sikumbuki penginepo ambapo mwandishi anasema waziwazi namna hii kuwa namba yake imetokana na manung'uniko. Naipenda sehemu hiyo. Ndani yake kuna unyenyekevu ambao vitabu vyetu vingi vya kiada havina.

Naipenda, halafu inanitia wasiwasi. Malalamiko ya nani? Ni dhahiri kwamba yalitoka kwa watu wanaojua kwamba ipo namba, kwamba yupo mwenye namba, na kwamba anaweza kuandikiwa. Mchuma chai wa Luponde hajui hata moja kati ya hayo matatu. Yeye akishindwa kulenga hasemi kiunzi kimeweka kipimo chembamba. Anasema, "Mimi hizi simu za kupangusa siziwezi," anampa mjukuu wake.

Tena kisa cha namba hiyo hakikuishia hapo. Mwaka 2021 kiunzi kilirekebishwa ili katika kuburuta orodha kifuate kipimo cha simu yenyewe, badala ya kile chake cha 18. Nia ilikuwa njema: orodha itembee sawasawa na programu nyingine za simu hiyo. Lakini kipimo cha kawaida cha Android ni 8. Kwa hiyo ile 8 iliyoondolewa kwa malalamiko ilirudi kwa mlango wa uani, kwa upande wa orodha. Leo hii mtu anayetaka kuchagua jina lake katika orodha ndefu, kidole chake kikiviringika zaidi kidogo ya milimita moja, mtambuzi wa kuburuta ananyakua ushindi, na yule wa kubonyeza anatolewa uwanjani. Mtu aliyekereka kwa sababu orodha ni nzito kusogea alisikika. Huyu mwingine hakuwapo barazani.

Nije kwenye makosa. Msomaji akitaka kujua kiunzi kinamheshimu nani, asitazame kinavyofanya kazi vizuri, atazame kinavyoharibika. Sehemu ya skrini ya Flutter ikishindwa kujengwa, mbele ya fundi anayeijaribu mezani kwake hutokea eneo jekundu lenye maandishi ya manjano, na kosa lake limeelezwa. Tangu 2019 maelezo hayo yaliandikwa upya kwa uangalifu, yakawa yanasema nini kimetokea, wapi, na hata yanapendekeza dawa. Machi 2021 lugha ya Dart, ambayo ndiyo lugha ya kiunzi hiki, ilipata kinga dhidi ya makosa ya kitu kisichokuwapo, na aina nzima ya makosa ikaanza kukamatwa kabla programu haijatoka karakana. Mwaka 2022 ikaongezwa njia ya kuyanasa mahali pamoja hata yale yaliyoponyoka. Ni maendeleo ya kweli, wala sitaki kuyapunja.

Lakini programu ileile ikishafika mkononi mwa mteja, kosa lilelile likitokea, anachokiona ni eneo la kijivu. Tupu. Halina neno. Waandishi wanayo sababu: hawataki kumtisha mtu kwa maneno ya kiufundi, wala kumwonyesha yaliyo ndani. Naielewa. Ila tazama kilichotokea. Fundi aliyeko Dar es Salaam, akiwa ameweka mitego yake vizuri, hupata taarifa ndefu ya kosa. Mteja aliyeko Makambako, ambaye fedha zake ndizo zilizokuwa njiani, anapata rangi ya majivu. Kosa lina lugha kwa mmoja na ni bubu kwa mwingine.

Na bado eneo la kijivu ni afadhali, maana angalau linaonekana. Kwa mguso uliopotea hakuna hata hilo. Kidole kilichosogea milimita tatu juu ya kitufe hakihesabiwi kuwa kosa. Kinaitwa mguso uliobatilishwa, kuna mlango wa programu kupashwa habari hiyo, na vitufe vingi havina mtu wa kuusikiliza. Kibaya zaidi ni kwamba kitufe hakikai kimya tangu mwanzo. Kidole kinapotua, wimbi la rangi huanza kutanda juu yake kama maji yaliyotupiwa kijiwe. Kidole kikiponyoka, wimbi lile hufifia taratibu, kwa adabu, bila kusema kuwa hakuna kilichofanyika. Mwenye kidole ameona simu ikimwitikia. Anasubiri.

Hapo ndipo mambo yalipofikia kwa mfanyabiashara mmoja wa viazi wa Makambako, mama wa makamo ambaye hupeleka mizigo Dar es Salaam. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliwapa wauzaji programu ya kuagizia usafiri. Alibonyeza "Thibitisha". Wimbi likatanda, likafifia. Akasubiri, akabonyeza tena. Safari hii mguso ulifika, lakini mtandao ulikuwa unasuasua na skrini haikubadilika. Akabonyeza mara ya tatu. Jioni akamwuliza kijana wa jirani anayejua mambo hayo, "Mwanangu, hivi simu hii imenisikia au haijanisikia?" Kijana akatazama, akasema, "Imekusikia mara mbili, mama." Magari mawili yaliitwa kwa mzigo mmoja. Ilimlazimu kupanda basi kwenda Njombe kujieleza, na gharama ya gari la pili ikakatwa kwenye fedha zake. Katika kumbukumbu za kampuni hiyo, aliyekosea ni yeye. Imeandikwa saa na dakika alizobonyeza. Ule mguso wa kwanza, ambao ungemtetea, haumo, kwa sababu kwa mujibu wa kiunzi haukuwahi kutokea.

Ukitaka kupima uzito wa jambo hili, linganisha na kiswaswadu. Simu ya vitufe ina vitufe vinavyozama. Kidole chenye sugu kinasikia chenyewe kwamba kimebonyeza, hata kabla simu haijasema lolote. Huduma ya M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilipita humo, kwa kupiga namba yenye nyota na reli na kujibu orodha moja baada ya nyingine. Sura yake ni mbaya, na mtandao ukichelewa hukukatia katikati ukaanza upya. Lakini haifanyi jambo bila kujibu. Ukikosea chaguo inakwambia umekosea. Kabla hujathibitisha unaliona jina la unayemtumia. Watu wa huku hawashikilii viswaswadu kwa umaskini tu, kama wasemavyo wengine, wala kwa kuogopa mageuzi. Wapo wenye simu mbili mfukoni, ya kioo kwa picha na salamu, ya vitufe kwa fedha. Huo nao ni uhakiki, tena umefanywa na watu wanaojua wanachokihakiki.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa namlaumu muuza mbao kwa nyumba iliyojengwa vibaya: kiunzi kinaruhusu kitufe kufungwa baada ya mguso wa kwanza, kinaruhusu simu kutikisika, kinaruhusu eneo la kijivu kubadilishwa likawa sentensi. Kimetafsiriwa maneno yake ya kawaida hata kwa Kiswahili. Basi aliyezembea ni fundi. Ni kweli, kwa nusu. Yeyote aliyewahi kufanya kazi na mafundi anajua kwamba kisichofanywa na zana yenyewe, fundi mwenye haraka hakifanyi. Kenchi zikija na urefu fulani, mji mzima utakuwa na mapaa ya urefu huo. Wimbi la rangi linakuja lenyewe bila kuombwa. Neno la kusema mguso umepotea halipo mpaka mtu akumbuke kuliweka, na ili akumbuke lazima awe amewahi kumwona mtu ambaye kidole chake kinapotea. Mwandishi wa kiunzi alipoamua kipi kije chenyewe na kipi kisubiri kuombwa, hapo ndipo alipomchagua msomaji wake.

Yule kijana wa jirani ameunda baadaye programu yake ndogo kwa ajili ya ghala la viazi, kwa Flutter hiyohiyo. Kitufe chake kikiguswa mara moja hujifunga na kuandika "Nimepokea, subiri". Eneo la kijivu amelifuta, mahali pake pana maneno yanayosema kazi imekwama na mzigo bado haujatumwa. Kwa mguso unaopotea alianza kwa kuandika "Kidole kimeteleza, bonyeza tena". Siku ya kuwaonyesha wanawake wa ghalani, baada ya kamwene na kuulizana habari za mashamba, mmoja aliisoma, akamwambia, "Kidole changu hakijateleza, baba. Ni hii yako ndiyo haikusikia." Wakacheka wote. Kijana akaenda kuandika upya: "Sijasikia, bonyeza tena."

Kwenye orodha ya majina ameirudisha 18. Sasa wanawake wa ghalani wanachagua majina yao bila taabu, na karani wa zamu, mwenye kidole chepesi, analalamika kwamba orodha imekuwa nzito. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anajaribu 14.